Mizani ya Umeme

Bila shaka umepata kumwona mwenye duka akipima sukari kwa mizani ya visahani viwili. Upande mmoja huweka jiwe la mizani, upande wa pili sukari. Mizani hiyo haisemi kila kisahani kimebeba kiasi gani. Huonyesha tu upande upi umezidi. Katika somo hili utajifunza mizani nyingine, inayolinganisha umeme badala ya uzito.

Kifaa hicho huitwa opampu. Aina moja ijulikanayo sana, iitwayo 741, ilitolewa Marekani mwaka 1968. Hufanana na mdudu mweusi mwenye miguu minane. Mguu wa pili na wa tatu ndio visahani vyake, na mguu wa sita hutoa jibu. Volti za mguu wa tatu zikizidi za mguu wa pili, mguu wa sita hupanda hadi karibu na nguvu yote ya betri. Zikipungua, hushuka. Tofauti baina ya miguu hiyo miwili huweza kuzidishwa kiasi cha mara 200,000, hivyo hata tofauti ndogo mno hutosha.

Fikiri juu ya zahanati ihifadhiyo chanjo katika jokofu la umeme wa jua. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, kwa hiyo jua huonekana likisogea nyuzi 15 kila saa. Paneli iliyolazwa ikitazama juu, na jua likiwa utosini saa sita mchana, hupata mwanga mwingi. Ifikapo saa kumi alasiri jua limeinama nyuzi 60, na paneli hiyo hupata karibu nusu tu.

Ili paneli ilifuate jua, vihisi viwili vya mwanga hufungwa juu yake, kimoja mashariki na kingine magharibi. Kati yao husimamishwa ubao mwembamba. Kila kihisi huungwa pamoja na kikinza, kwa namna ambayo mwanga ukiongezeka, volti ziendazo kwenye opampu huongezeka pia. Jua likielekea magharibi, ubao hukitia kivuli kihisi cha mashariki. Kihisi cha magharibi, kilichoungwa kwenye mguu wa tatu, huzidi, na mguu wa sita hupanda. Umeme wake ni mdogo mno kuzungusha mota. Huiamsha transista, nayo huiwasha mota. Kivuli kikiondoka, mota husimama. Jioni paneli hurudishwa mashariki kwa mkono.

Wepesi huo una hasara yake. Vipande vya mawingu vikipita, opampu hubadili jibu mara kwa mara, na mota huwaka na kuzimika ovyo, ikila umeme uleule tuliokuwa tukiutafuta. Kwa hiyo mafundi hurudisha sehemu ndogo ya jibu kwenye mguu wa tatu kupitia kikinza. Hapo opampu haibadili jibu mpaka tofauti iwe kubwa kidogo. Hata hivyo, paneli nyingi huachwa zimetulia, kwani mota ni ghali na huharibika.

Jaribio: Simamisha kipande cha kadibodi katikati ya ubao, kisha weka kokoto moja kila upande. Uinamishe ubao juani, huku na huku. Usilitazame jua lenyewe, tazama kokoto. Ni ipi iliyo kivulini? Ubao ugeuzwe upande gani ili zote mbili zipate mwanga sawa?