Saa ya Mkimbiaji: Kinachopimwa na Kinachokisiwa

Saa ya mkimbiaji hupima mambo machache kuliko inavyoonyesha. Ndani yake mna kihesabu sekunde, kipokezi cha mawimbi ya setilaiti, kihisi kinachotambua mtikisiko wa mkono, na vitaa vya kijani vinavyogusa ngozi. Baadhi huongeza kipima mgandamizo wa hewa ili kujua mwinuko wa njia. Namba nyingine zote zinazojaa kwenye kioo, kuanzia uwezo wa mwili kutumia oksijeni hadi saa za kupumzika, ni hesabu zilizojengwa juu ya vipimo hivyo vichache. Kadiri namba inavyokaa mbali na kihisi, ndivyo makisio yanavyozidi ndani yake. Ajabu ni kwamba namba zilizo mbali zaidi ndizo hupambwa kwa rangi nyingi na maneno makali.

Umbali uko karibu na kihisi. Kipokezi husikiliza setilaiti zisizopungua nne, ambazo kwa mfumo wa GPS wa Marekani huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na hukokotoa mahali mkono ulipo kutokana na muda ambao kila wimbi limechukua kufika. Saa nyingi za sasa hupokea pia Galileo ya Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China. Mahali palipo wazi kosa ni la mita chache tu. Kati ya maghorofa ya Posta, Dar es Salaam, au ya katikati ya Nairobi, mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika, na baadaye ramani humwonyesha mkimbiaji akipita ndani ya majengo. Ndiyo maana mwendo wa papo hapo, yaani dakika kwa kilomita zinazobadilika kila baada ya sekunde chache, hurukaruka. Wastani wa kilomita nzima hutulia zaidi.

Siku ya mashindano huzuka ubishi wa kila mwaka: saa inasoma kilomita 42.6 ilhali maratoni ni kilomita 42.195, na waandaaji hulaumiwa kwa kupima vibaya. Mara nyingi hawana kosa. Njia ya mbio rasmi hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabu maalumu, kwa kufuata mstari mfupi kuliko yote unaoweza kukimbiwa, kisha huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili isije ikapungua. Mkimbiaji hafuati mstari huo. Hupita nje kwenye kona, hukwepa wenzake, hukata kwenda kwenye meza ya maji, na makosa madogo ya setilaiti hujumlishwa juu ya hayo. Anayetaka kumaliza kwa saa 3 na dakika 30 huhitaji mwendo wa dakika 4 na sekunde 59 kwa kilomita. Akiushika mwendo huo kwa kutazama saa inayohesabu kilomita 42.6, atachelewa kwa dakika mbili.

Idadi ya hatua kwa dakika hupatikana kutokana na mikono inavyopunga, na saa haiikosei sana. Kinachokosewa ni tafsiri yake. Namba 180 imekuwa kama amri kwa sababu kocha Jack Daniels wa Marekani, alipowatazama wakimbiaji wa Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, aliona karibu wote wakipiga hatua 180 au zaidi kwa dakika. Lakini hao walikuwa mashindanoni, kwa kasi ya mashindano. Mtu anayekimbia polepole asubuhi akapata 165 hana ugonjwa wowote.

Mapigo ya moyo yanahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa karibu hesabu zote zinazofuata huanzia hapo. Kampuni ya Polar ya Finland ilitoa mwaka 1982 kifaa cha kwanza cha kuvaliwa kilichopima mapigo bila waya, nacho kilitumia mkanda wa kifuani. Mkanda husoma umeme wa moyo wenyewe. Ukiloweshwa kidogo kwa maji ili ushike vizuri, husoma kwa usahihi mkubwa. Saa ya mkononi hutumia njia nyingine. Damu hufyonza mwanga wa kijani, na kila pigo husukuma damu zaidi kwenye mishipa ya mkono, hivyo mwanga unaorudi kwenye kihisi hupungua kisha huongezeka kwa mpigo huohuo. Melanini nayo hufyonza mwanga wa kijani. Kwenye ngozi nyeusi mwanga unaorudi huwa hafifu zaidi, na saa hulazimika kuongeza nguvu ya taa. Wino wa tatuu na mkanda wa saa uliolegea pia huharibu usomaji.

Kosa linalowasumbua wengi hutokea dakika za mwanzo: mtu anakimbia huku akizungumza bila taabu, lakini saa inaonyesha mapigo 170. Kihisi kimeshika mdundo wa hatua badala ya mdundo wa moyo, maana yote miwili hutikisa mwanga kwa zamu zinazolingana. Saa ikivutwa juu kidogo ya mfupa wa kifundo na kubanwa bila kuumiza, kosa hilo hupungua sana. Kwenye mazoezi ya kupandisha na kushusha kasi ghafla, kipimo cha mkononi huchelewa, na hapo mkanda wa kifuani bado hauna mshindani.

Mapigo hayo hugawanywa katika kanda, kwa kawaida tano, tangu matembezi hadi mbio za kukata pumzi. Kanda hizo huhesabiwa kutokana na kiwango cha juu kabisa cha mapigo ya mtu, na mara nyingi saa haikijui. Hutoa umri kwenye 220. Kanuni hiyo ilienea kutoka kwa watafiti wawili wa Marekani, Samuel Fox na William Haskell, mwaka 1971, nao waliipata kwa kuchora mstari wa kukadiria kati ya takwimu walizokusanya kutoka tafiti mbalimbali. Haikukusudiwa kumpimia mtu mmoja mmoja mazoezi yake. Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake walipendekeza 208 kutoa asilimia 70 ya umri. Kwa mtu wa miaka 40 kanuni zote mbili hutoa 180. Kwa wa miaka 60, ya kwanza hutoa 160 na ya pili 166. Hata hivyo, watu wa umri mmoja hupishana kwa mapigo kumi au zaidi kwenda juu au chini, na hakuna kanuni ya umri inayoweza kuliona hilo. Mwanamke wa miaka 40 ambaye moyo wake hufika 195 ataambiwa na saa kwamba anajitesa, ilhali yuko kwenye mbio nyepesi. Dawa ni kuingiza namba halisi, ile inayoonekana mwishoni mwa mashindano mafupi yaliyokimbiwa kwa nguvu zote au kwenye marudio ya kupanda mlima, kwa aliye na afya ya kufanya hivyo.

Joto nalo huvuruga kanda. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, mwili hupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili kujipoza, jasho hupunguza maji ya damu, na moyo hufidia kwa kupiga haraka zaidi. Mwendo uleule uliokuwa na mapigo 140 mwanzoni unaweza kufika 155 baada ya saa moja, bila mkimbiaji kuongeza kasi hata kidogo.

Hapo ndipo namba inayoringiwa kuliko zote, VO2 max, inapoyumba. Ni kiasi kikubwa kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia, kwa mililita kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Archibald Hill na Hartley Lupton wa Uingereza waliieleza dhana hiyo mwaka 1923, na maabara bado huipima kwa barakoa inayonasa pumzi ya mtu anayekimbia kwenye mashine mpaka ashindwe. Saa haina barakoa. Inachojua ni mwendo na mapigo. Kukimbia kilomita 12 kwa saa kwenye tambarare hugharimu mililita 43 hivi. Mapigo yakionyesha kuwa mtu anatumia asilimia 80 ya uwezo wake, uwezo wote ni kama 54. Kiwango cha juu cha mapigo kikiwa kimewekwa chini mno, saa itadhani anatumia asilimia 90, na namba itashuka hadi 48 kwa mtu yuleyule, siku ileile. Mchanga wa ufukweni, mlima na joto huishusha pia, kwa kuwa moyo hufanya kazi kubwa na mwendo hauonekani. Saa mpya hujaribu kurekebisha joto na mwinuko, lakini mchanga haziujui.

Aliyepata namba sahihi naye asiifanye cheo. Bengt Saltin, mtafiti kutoka Sweden, alipowapima wakimbiaji wa Kenya na wa nchi za Skandinavia katika miaka ya 1990, hakukuta tofauti kubwa ya VO2 max kati ya walio bora wa pande zote mbili. Wakenya walizidi kwa kutumia oksijeni kidogo kwa mwendo uleule, na uhodari huo hauna namba yake kwenye saa nyingi.

Utabiri wa muda wa mashindano huzaliwa na VO2 max, au na kanuni kama ya mhandisi Peter Riegel wa Marekani, ambayo kwayo mtu wa kilomita 10 kwa dakika 50 hutabiriwa maratoni ya saa 3 na dakika 50. Utabiri huchukulia kwamba miguu imezoeshwa umbali huo. Asiyewahi kupita kilomita 15 asiutegemee.

Mzigo wa mazoezi hujumlisha muda na ukali wa kila mbio, kisha hulinganisha wiki ya karibuni na wiki kadhaa zilizopita. Wazo lenyewe ni zuri, kwani ongezeko la ghafla huwaumiza wengi. Ila saa hujua mbio tu. Siku ya kusimama sokoni tangu alfajiri, kubeba maji au kulima haiingii vyema kwenye hesabu yake, na saa 20 za kupumzika inazopendekeza ni makisio tu.

Mwachano wa mapigo, unaoandikwa HRV, hupimwa usiku. Moyo wa mapigo 60 kwa dakika haupigi kila baada ya sekunde moja kamili; nafasi moja huwa milisekunde 950, inayofuata 1,040. Mwili uliotulia kwa kawaida huonyesha tofauti kubwa zaidi. Uchovu, pombe, homa inayonyemelea au chakula kizito cha usiku huipunguza. Anayefunga Ramadhani akala sana usiku asishangae kuona saa imemtangaza amechoka. Wiki kadhaa za kuvaa saa usingizini huhitajika kabla namba haijawa na maana, na kuilinganisha na ya jirani hakuna faida, kwa kuwa kila mtu ana kiwango chake.

Kalori zinashika mkia. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya mkononi: sita vilisoma mapigo kwa kosa la chini ya asilimia 5, lakini kwa nishati iliyotumika, kile kilichokuwa bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibaya zaidi kwa asilimia 93. Anayepunguza uzito kwa kula sahani ya wali wa ziada kila mara saa inapomwambia amechoma kalori 600 huenda amechoma 450 tu. Mizani ya bafuni itamwonyesha hilo mapema kuliko saa.