Musitupe ngozi ya sungura: nywele zake zina kazi

Ndugu wanakoperative, sungura akishachinjwa, ngozi inatupwa. Lakini kuna wavuvi wanaotafuta nywele zake. Wanavua samaki truti kwa ndoano iliyovikwa nywele ili ifanane na nimfu, yaani mtoto wa mdudu wa majini. Huko Kenya, kwenye truti waliletwa mwaka 1905, kuna watu wanafunga ndoano hizi kwa mikono na kuziuza Ulaya.

Namna ya kuchagua ni hii. Nimfu inatembea chini ya maji, basi nywele zinapashwa kunywa maji. Za sungura zinakunywa. Za wanyama wa majini zinayakataa, ni za ndoano ya kuelea.

Puliza ngozi: chini utaona manyoya laini, juu nywele ngumu. Laini peke yake inasokotwa vizuri kwenye uzi, lakini mdudu anakosa miguu. Ngumu peke yake haishiki. Muchanganye zote mbili. Uso na masikio pia musitupe, pale nywele ni fupi na ngumu. Kijivu na kahawia zinatumika vile ziko. Nyeupe inatiwa rangi.

Ngozi mutoe nyama na mafuta yote, mupake chumvi, mukaushe kivulini.

Fisi-maji musimuguse: biashara ya ngozi yake kati ya nchi na nchi inabanwa na mkataba wa CITES. Na kabla ya kujaza depo, mutafute kwanza mnunuzi, mumuonyeshe kipande kimoja. Nyama ndiyo inalisha nyumba. Nywele ni nyongeza.