Boti ya Wote, Samaki wa Wote

Kusini mwa California, nchini Marekani, si lazima mtu awe tajiri ili aende kuvua baharini. Akiwa na nauli yake na leseni ya uvuvi, ambayo sheria ya jimbo inamdai kila mwenye umri wa miaka 16 na zaidi, anapanda boti pamoja na watu asiowajua na kwenda kutafuta besi. Boti hizi hutoka kwenye magati ya San Diego, Newport Beach, Long Beach na San Pedro. Zipo za nusu siku, zipo za siku nzima, na zipo zinazoondoka usiku ili alfajiri iwakute abiria wake kwenye kisiwa cha Catalina au San Clemente. Ni daladala ya baharini: kila mmoja hulipia nafasi yake, nahodha hushika njia, na fundi makanika husimama bega kwa bega na mwalimu mstaafu na kijana anayeshika fimbo ya kuvulia kwa mara ya kwanza.

Besi anayetafutwa huko ni wa aina mbili hasa. Wa kwanza ni besi wa mwani, Paralabrax clathratus, mwenye madoa meupe mgongoni juu ya rangi ya kahawia. Huyu makazi yake ni misitu ya mwani mkubwa unaoota kwenye miamba ya chini na kupanda hadi juu ya maji. Mwani huo unaweza kurefuka kwa zaidi ya nusu mita kwa siku moja. Wa pili ni besi wa mchanga, Paralabrax nebulifer, anayependa tambarare za mchanga karibu na miamba. Mvuvi wa pwani yetu akiwaona wote wawili hatasita kuwaweka upande wa chewa, na hatakuwa mbali na ukweli, kwa kuwa wanasayansi kwa muda mrefu wamewahesabu katika ukoo mmoja na chewa. Mdomo ni mpana, kichwa ni kizito, na tabia ni ya kuvizia mawindo kutoka mafichoni.

Siku ya uvuvi huanzia kwenye chambo. Kabla ya kutoka bandarini, boti husimama kwenye vizimba vinavyoelea ambamo dagaa huwekwa wakiwa hai. Mabaharia huwachota kwa nyavu za mkono na kuwamimina kwenye tangi lililoko tezi, ambamo maji ya bahari hupita bila kukoma. Wavuvi wazoefu hulitazama tangi hilo kwa makini kuliko wanavyotazama mawingu, kwa sababu dagaa aliyebabuka magamba hana nguvu ya kuogelea, na besi hamtaki.

Kufika kwenye mwani ndipo ustadi wa nahodha unapoonekana. Hutazama mkondo unakoelekea, upepo unakotoka, na picha ya chini ya bahari kwenye kioo cha kifaa chake. Kisha hutia nanga upande ambao mkondo unatokea, ili chombo kilale huku tezi yake ikielekea mwanini. Akikosea hatua chache tu, chambo cha abiria wote kitapita mahali pasipo na samaki. Akipatia, baharia hutupa dagaa wachache majini, kidogo kidogo, mpaka besi watoke mafichoni na maji yaanze kuchemka kwa mikia yao.

Hapo mbinu inayopendwa ni nyepesi. Dagaa mmoja hai hutungwa puani kwa ndoana ndogo, mshipi hauna risasi, na samaki huyo huachwa aogelee mwenyewe kuelekea kwenye mwani. Mvuvi hushikilia mshipi kwa kidole gumba, akisikiliza. Dagaa akianza kuhangaika, ujue besi yuko karibu. Mshipi ukianza kukimbia, mvuvi hufunga rili, huvuta, na kuanzia hapo hakuna nafasi ya kusitasita. Besi wa mwani akishanasa hapigi mbio kwenda mbali. Anapiga mbizi kurudi kwenye mashina ya mwani alikotoka. Akiwahi kuyafikia, mshipi huzongwa na mara nyingi hukatika. Sekunde chache za mwanzo ndizo zinazoamua.

Raha ya boti ya abiria, na mtihani wake pia, ni kwamba hakuna anayevua peke yake. Samaki akikimbilia upande wa kulia, mwenye fimbo humfuata kwa miguu, akipita chini ya mikono ya huyu na juu ya fimbo ya yule, na wenzake humpisha. Mishipi ikizongana, baharia huja kuizongoa bila kumlaumu mtu. Anayejua humwonyesha asiyejua namna ya kutunga chambo. Wanaotaka hutoa dola chache kila mmoja, na mwenye samaki mkubwa kuliko wote mwisho wa safari huchukua fungu lote. Kila abiria hupewa gunia lenye namba yake, na samaki wake huingia humo. Simba wa baharini nao hufika kudai sehemu yao: wapo waliojifunza kufuata boti na kumnyakua besi akiwa bado kwenye ndoana.

Lakini sehemu ya siku hiyo ninayoiheshimu kuliko zote ni kipimo. Kila besi anayeinuliwa hulazwa kwenye ubao wa kupimia. Asiyefikia inchi 14, yaani karibu sentimita 36, hurudishwa majini akiwa hai, hata kama ndiye pekee aliyepatikana na mtu huyo tangu asubuhi. Idadi nayo ina kikomo: besi 5 kwa mtu kwa siku, aina zote zikijumlishwa. Hata wakati wa kurudi bandarini, mabaharia wanapotoa minofu kwa malipo madogo na bakshishi, sheria inataka kila mnofu wa besi ubaki na kipande cha ngozi, ili mkaguzi atakayesubiri gatini ajue ni samaki gani aliyekatwa. Na hakuna anayeruhusiwa kupeleka besi sokoni. California ilipiga marufuku biashara ya samaki hawa tangu 1953, wakabaki kuwa wa wavuvi wa burudani peke yao.

Wapo wanaoona masharti haya ni ukali usio na sababu. Sababu ipo. Besi hukua polepole mno, na wa mwani anaweza kuishi zaidi ya miaka 30. Yule mkubwa anayeshangiliwa na boti nzima huenda alikuwa amemaliza miaka mingi akizaa. Kisha kuna tabia ya besi wa mchanga: majira ya kiangazi hukusanyika kwa maelfu kwenye tambarare chache kuzaana. Tambarare maarufu kuliko zote ziko nje ya Huntington Beach. Manahodha walizijua, abiria walizijua, na kwa miaka mingi boti zilirudi huko kiangazi baada ya kiangazi na kuondoka na magunia mazito.

Mwaka 2011, mtafiti Brad Erisman na wenzake walichapisha uchunguzi uliopaswa kumwamsha kila mpenda bahari. Walionyesha kwamba idadi ya besi wa aina zote mbili ilikuwa imeporomoka, ilhali wastani wa samaki waliopatikana kwa kila safari ulikuwa haujashuka kwa kiasi hicho. Maelezo yake ni rahisi na ya kutisha. Samaki wanaokusanyika kuzaana hujazana mahali pamoja hata wakiwa wamebaki wachache, kwa hiyo mvuvi anayekwenda mahali hapo huwapata kama kawaida mpaka karibu na mwisho. Gunia linajaa, na bahari inaisha. Hakuna aliyedanganya, macho ya watu waaminifu ndiyo yaliyodanganyika.

Joto na baridi ya bahari navyo vilichangia, lakini bahari hatuwezi kuiamuru. Tunachoweza kuamuru ni mkono wetu. Machi 2013 jimbo lilipandisha kipimo kutoka inchi 12 hadi 14 na kupunguza idadi kutoka samaki 10 hadi 5. Mwaka mmoja kabla, maeneo kadhaa ya pwani hiyo yalikuwa yamewekwa chini ya hifadhi. Kwa maoni yangu hatua hizo zilichelewa, na bado zilikuwa za haki, kwa sababu zilimgusa kila mmoja sawasawa, mwenye boti binafsi na aliyelipa nauli ya nusu siku.

Somo hili linatuhusu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki moja kwa moja. Chewa na tafi wetu nao hukusanyika kuzaana, na watafiti wameithibitisha mikusanyiko hiyo kusini mwa Kenya, wakiongozwa na maarifa ya wavuvi wenyewe. Wazee wetu wanajua mwezi na mahali. Ujuzi huo ukitumika kuvuna tu, tutafika walikofika wenzetu wa California, tena kwa gharama kubwa zaidi, kwa kuwa wao walipoteza burudani na sisi tutapoteza kitoweo na riziki. Kamati za uvuvi za vijiji ziziorodheshe sehemu hizo, zizifunge katika majira ya kuzaana, na zipewe nguvu ya kulisimamia hilo. Wavuvi wasingoje samaki wapungue kwenye mishipi yao ndipo waamini, maana kwa samaki wa namna hii, siku watakayoona upungufu kwa macho yao itakuwa ni siku iliyochelewa.