Magongo: Kitale na Bungoma Zapika, Nairobi Yapakua

Watu wengi, ukiwatajia mpira wa magongo, watakwambia kwamba huo ni mchezo wa Nairobi, mchezo wa klabu zenye kuta ndefu na maegesho ya magari. Wasemao hayo hawajafika Kitale wala Bungoma. Huku kwetu mtoto wa mkulima wa mahindi huijua kona fupi kabla hajaliona jiji. Shule ya wavulana ya St. Anthony's, Kitale, na Friends School Kamusinga iliyoko Kimilili zote mbili zimewahi kutwaa ubingwa wa shule za sekondari wa Kenya. Kwa wasichana, jina la Misikhu halihitaji maelezo kwa mtu yeyote afuatiliaye michezo ya shule.

Sasa hebu jiulize, ndugu msomaji: vijana hao huenda wapi wakishamaliza Kidato cha Nne?

Wachache huchukuliwa na Polisi, ambao kwao gongo huja pamoja na ajira. Wengine hujiunga na vyuo vikuu vyenye timu. Wenye bahati ya kuonekana wamekuwa wakienda Butali, timu iliyoinuliwa na kiwanda cha sukari huko Kakamega, nayo imeshautwaa ubingwa wa Kenya zaidi ya mara moja bila ya kuwa ya jijini. Waliosalia hulitundika gongo ukutani. Msichana aliyekuwa akiwahangaisha mabeki wa shule nzima za Bonde la Ufa, akiwa na miaka kumi na tisa anauza nguo za mitumba na mchezo kwake umekuwa hadithi. Si kwamba amechoka kucheza. Hana mahali pa kulala Nairobi, na ligi iko Nairobi.

Hapo ndipo ninapogombana na wanaoendesha ligi yetu, na ninawagomba kama shabiki, kwa nia njema. Ligi ya taifa ni ya taifa kwa jina tu ikiwa mechi nyingi huchezwa katika mji mmoja. Timu ya kutoka magharibi ikitaka kucheza lazima ikodi gari, ibebe wachezaji kumi na wanane pamoja na kocha, isafiri karibu kilomita 400, itafute pa kulala na chakula, icheze Jumamosi na Jumapili, kisha irudi usiku ili watu wawahi kazini Jumatatu. Timu ya Nairobi hupanda matatu. Halafu ya magharibi ikikosa nauli wikendi moja, pointi tatu hupewa mpinzani wake bila jasho, na mwisho wa msimu tunaambiwa timu za mikoani hazina nidhamu!

Dawa yake haihitaji wataalamu kutoka ng'ambo. Ligi igawanywe kanda. Kitale, Bungoma, Kakamega, Eldoret na Kisumu zichuane zenyewe kwa zenyewe hadi robo tatu ya msimu, kila moja ikicheza nyumbani na ugenini. Nairobi na jirani zake wafanye vivyo hivyo, na Mombasa na Pwani kadhalika. Kisha timu mbili au tatu bora za kila kanda zikutane kwa fainali za wiki moja. Nauli itapungua, na watu wa hapa watawaona wachezaji wao wenyewe, jambo ambalo ni muhimu kuliko nauli. Ratiba nayo itolewe mapema, ifuatwe, na msimu uanze na kuisha katika mwaka wake.

Lakini hata ligi ikipangwa vizuri namna gani, kuna tatizo la ardhi yenyewe. Wazee wanakumbuka kwamba Kenya ilikuwa taifa kubwa katika mchezo huu. Tulishika nafasi ya sita katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza lililofanyika Barcelona, tulikuwa wa nne, nyuma ya Pakistan, Hispania na India. Nahodha alikuwa Avtar Singh Sohal, ambaye alicheza Olimpiki nne. Wachezaji wengi wa enzi hiyo walikuwa Wakenya wa asili ya Kihindi, Masingasinga na Wagoa, waliokulia katika klabu na shule zao za mijini. Baadaye wengi wao walihamia Uingereza na Canada, na mchezo ukapokewa na shule kama hizi zetu.

Katika wakati huo huo dunia ikabadilisha sakafu. Olimpiki ya Montreal, mwaka 1976, ilikuwa ya kwanza kuchezwa magongo juu ya nyasi bandia. Sisi hatukucheza, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia michezo ile kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini. Nyasi bandia ziliwekwa City Park, Nairobi, kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, na matunda yake yakaonekana mara moja: Kenya ikatwaa dhahabu, na mwaka uliofuata ikaenda Seoul. Tangu Seoul hatujarudi Olimpiki. Nyasi zile za City Park zilitumika mpaka zikachakaa, na kukawa na misimu ambapo ligi ililazimika kuomba viwanja kwingine.

Kwa nini ninarefusha habari ya nyasi? Kwa sababu ndiyo inayoeleza upungufu wa kikosi chetu cha taifa. Watu hulaumu washambuliaji. Mimi siwalaumu, washambuliaji tunao, tena wenye mbio. Tunachokosa ni watu wawili: mpigaji wa kona fupi, na kipa aliyezizoea kona hizo.

Kwa asiyejua, kona fupi hutolewa mabeki wakifanya kosa ndani ya duara lao. Mpira husukumwa kutoka mstari wa goli, ukasimamishwa nje ya duara lililo umbali wa karibu mita kumi na tano, kisha ukaingizwa ndani na kupigwa. Wanaolinda ni watano tu, kipa akiwa mmoja wao. Sheria inasema mpira wa kwanza ukipigwa kwa kishindo, lazima uvuke mstari wa goli chini ya sentimita 46, yaani usipite kimo cha ubao ulio ndani ya goli. Lakini mchezaji akiuburura kwa gongo na kuurusha, anaruhusiwa kuutuma juu, hata kwenye pembe ya mwamba. Mataifa makubwa hufunga mabao mengi kwa ufundi huo. Sasa mwambie kijana wa Kimilili aubururie mpira kwenye majani yenye mashimo ya fuko. Mpira utaruka, gongo litakwama, naye atarudi kupiga kwa kishindo kama alivyofundishwa. Kipa naye, ambaye hajawahi kurushiwa mpira wa juu wa namna hiyo, atajifunzia wapi kuuzuia? Wala tusisahau kwamba pedi, kofia ya kinga na glavu zake ni mali ya kununuliwa kwa fedha nyingi, kwa hiyo shule huwa na seti moja, na kipa wa pili hukaa bila mazoezi.

Julai 2022 wasichana wetu walikwenda Birmingham kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, na New Zealand wakawafunga mabao 16 kwa bila. Watu walicheka. Mimi sikuona la kuchekesha hata kidogo. Mabinti wale walikwenda kupambana na watu waliokulia kwenye nyasi bandia tangu utotoni.

Basi zulia moja liwekwe huku. Michezo na viwanja vya michezo ni miongoni mwa kazi ambazo Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti, hivyo hakuna haja ya kungojea Nairobi itukumbuke. Bungoma iliweza kuuandaa uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi ukapokea sherehe za kitaifa za Madaraka mwaka 2024. Kaunti iliyoweza hilo, ikishirikiana na Trans Nzoia, haitashindwa na uwanja mmoja wa magongo. Uwekwe Kitale au uwekwe Bungoma, mimi sitagombania, mradi watoto wa pande zote mbili wafunguliwe lango na usifanywe uwanja wa hafla za harusi.

Shule nazo zina la kurekebisha. Kitale inahesabiwa Bonde la Ufa na Bungoma ni Magharibi, kwa hiyo St. Anthony's na Kamusinga, ambao kati yao ni mwendo wa kama saa moja kwa gari, kwa kawaida hawakutani katika mashindano rasmi mpaka wafike fainali za taifa. Tena kwa miaka mingi magongo yamewekwa muhula wa kwanza, hivyo timu iliyotolewa mapema hukaa hadi mwaka mwingine bila mechi ya maana. Walimu wa michezo wa pande hizi mbili wangeweza kupatana wenyewe, hata bila barua ya wizara: muhula wa pili, Jumamosi moja Kitale, Jumamosi nyingine Kimilili, wasichana wacheze asubuhi na wavulana alasiri. Na makocha wa timu ya taifa waalikwe, wapewe viti karibu na goli, wawatazame makipa.