Kopo la Bluu Likiisha Mapema

Kopo la kawaida la salbutamol, ile inhela ya bluu, lina mipulizo 200. Mgonjwa akiketi mbele yangu na kuniambia, kwa fahari kidogo, kwamba lake humdumu wiki tatu nzima, mimi hugawanya kimoyomoyo: 200 kwa siku 21. Zaidi ya mara 9 kwa siku. Yeye anajiona mzima kwa kuwa mwaka huu hajalazwa. Mimi namwona mtu ambaye mafua ya juma moja yanaweza kumfikisha wodini.

Pumu tumeizoea kwa kelele zake. Kifua kinapiga filimbi, mabega yanapanda na kushuka, watu wanakimbilia kufungua madirisha. Kelele zikiisha tunasema ugonjwa umeondoka, kumbe umenyamaza tu. Njia za hewa mapafuni huzibwa kwa namna mbili. Misuli inayozizunguka hujikaza ghafla. Halafu utando wa ndani huvimba na kutoa makohozi mazito, na uvimbe huo unaweza kuwapo hata siku ambayo mgonjwa anacheka na kula pilau. Salbutamol hulegeza misuli ndani ya dakika chache, nafuu ikadumu saa nne hivi hadi sita. Uvimbe haiugusi.

Ya kutuliza uvimbe ni dawa nyingine, beclometasone au budesonide, ambayo mara nyingi huwa na kopo la kahawia. Rangi hutofautiana kiwanda kwa kiwanda, kwa hiyo soma jina. Balaa la dawa hii ni kwamba ukiivuta husikii chochote. Hufanya kazi yake polepole, kwa siku na majuma. Watu huijaribu mara mbili, huiona haina maana, huisahau kwenye droo. Ile ya bluu ndiyo hupendwa, na ndiyo utakayouziwa dukani bila kuulizwa swali. Mwaka 2019 GINA, jopo la kimataifa linalotoa mwongozo wa matibabu ya pumu, liliacha kupendekeza watu wazima na vijana watibiwe kwa salbutamol peke yake. Kwa maoni yangu badiliko hilo lilichelewa.

Najua hofu inayofuata: “Si nasikia hizo ni steroidi?” Ndizo. Lakini pima kiasi. Kidonge kimoja cha prednisolone cha miligramu 5, ambacho watu hukimeza bila wasiwasi wakibanwa, kina maikrogramu 5,000. Mpulizo mmoja wa beclometasone huweza kuwa na 100 tu, nao huelekea mapafuni moja kwa moja. Nguvu za dawa hizo mbili hazilinganishwi kwa uzito pekee, ila tofauti hiyo inakupa picha. Sukutua mdomo kwa maji na uteme kila ukimaliza kuvuta, usije ukaota utando mweupe kinywani. Na hapana, inhela haimlevyi mtu wala haimfanyi mtumwa wake.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda kupita yote: chupa ya maji. Ukibonyeza inhela moja kwa moja mdomoni, sehemu kubwa ya dawa hugonga ulimi na koo na kuishia hapo. Mtoto ndiye hupata hasara zaidi, maana hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja. Dawa yake ni kuweka chombo chenye nafasi kati ya kopo na mdomo. Vya dukani vipo, na bei yake huwarudisha wazazi wengi nyumbani mikono mitupu. Mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa madaktari wa Afrika Kusini waliowapa watoto waliobanwa na pumu dawa ya kulegeza misuli ya njia za hewa kupitia chupa ya plastiki ya mililita 500. Chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawasawa na chombo cha kiwandani. Kikombe cha plastiki nyepesi kilishindwa.

Toboa kitako cha chupa kwa waya uliopashwa moto, tundu lienee mdomo wa inhela barabara, kisha ziba pembeni kwa gundi. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ijikaukie bila kuifuta, maana ukiisugua plastiki, dawa hunata ukutani mwake. Tikisa kopo, bonyeza mara moja, mtoto avute na kutoa pumzi mara nne hadi sita mdomoni mwa chupa. Ndipo ubonyeze tena. Mtoto mchanga anahitaji barakoa, hapo omba msaada kituoni.

Nyumbani, adui ni moshi: wa kuni, wa mkaa, wa sigara, wa dawa ya mbu ya kuwasha. Na udi, wapenzi wangu wa Pwani, nao ni moshi. Ufukizeni chumba ambacho mgonjwa halali. Shuleni, inhela ikae mfukoni mwa mtoto. Kabati la mwalimu mkuu huwa limefungwa saa ileile inayohitajika. Mwacheni acheze mpira. Ugonjwa uliodhibitiwa haumzuii kukimbia.

Akibanwa, mketishe wima, usimlaze. Mpe mipulizo minne ya salbutamol mmoja mmoja kupitia chupa, ngoja dakika nne, rudia. Asipopata nafuu, asipoweza kumaliza sentensi au midomo ikigeuka rangi, safari ya hospitali ianze huku dawa ikiendelea. Filimbi ya kifua ikikatika ghafla ilhali bado anahangaika, usishukuru: hewa haipiti tena.

Lakini mimi hujifunza mengi zaidi siku za utulivu, kwa yule aliyemsindikiza mgonjwa. Namuuliza bwana wa wiki tatu, “Usiku unalalaje?” “Vizuri tu, daktari.” Mkewe anageuza uso. “Saa nane za usiku ananiamsha na kikohozi. Juzi, jana, na leo.” Jibu la mama ndilo ninaloliandika kwenye faili.