Skana ya Mkanda Mpana: Angalia Taa ya Kifuniko, Usidanganyike na Namba

Leo tuongelee huduma ambayo wauzaji wachache wa mtandaoni wanaifanya: kugeuza negativu za zamani kuwa picha za kwenye simu. Huku Mlingotini na Bagamoyo kuna nyumba nyingi zenye bahasha za studio chini ya kabati. Picha zenyewe zimeliwa na mchwa, ila negativu ipo, na mwenye nayo hajui aipeleke wapi. Hiyo ni oda inakusubiri.

Pwani yetu ina studio za siku nyingi. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Studio nyingi za zamani zilitumia mkanda mpana unaoitwa 120, ambao Kodak waliuleta mwaka 1901. Kamera kama Rolleiflex na Yashica, zile za kuinamisha kichwa ukatazama kwa juu, zinatoa picha 12 za mraba kwa mkanda mmoja. Upana wa mkanda ni kama sm 6. Ule mdogo uliozoeleka, wa 35mm, fremu yake ni milimita 24 kwa 36 tu.

Sasa, ununue skana gani bila kuchoma mtaji?

1. Anza na taa ya kifuniko
Skana ya ofisini inamulika karatasi kutoka chini. Negativu inataka mwanga upite katikati yake, kwa hiyo lazima kuwe na taa ya pili ndani ya kifuniko, na dirisha la taa hiyo liwe pana kutosha mkanda wa 120. Epson V600 inayo, na CanoScan 9000F inayo. Epson V39 haina kabisa. Epson V370 inayo, lakini ni ya mkanda mdogo. Na vile vimashine vidogo vya bei rahisi vya kuskani filamu, vingi havipokei mkanda mpana. Uliza kabla hujatuma hela.

2. Usinunue namba ya kwenye boksi
V600 imeandikwa 6400 dpi, yaani nukta 6,400 kwa kila inchi. Waliopima wanasema za kweli ni kama 1,500. Usikate tamaa, piga hesabu. Fremu ya mraba ni milimita 56, sawa na inchi 2.2. Mara 1,500 unapata nukta 3,300. Kuchapa picha safi unahitaji nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo unachapa inchi 11, karibu sm 28. Hiyo ni picha ya kutundika sebuleni. Fremu ya 35mm kwa skana hiyohiyo, upande wake mfupi haufiki hata inchi 5.

Kumbe ukubwa wa mkanda ndio unaokubeba. Mashine kubwa kama Epson V850 au Plustek OpticFilm 120 ni nzuri kweli, lakini kwa mteja anayetaka picha ya WhatsApp na moja ya ukutani, hazitakuongezea bei.

3. Ukinunua iliyotumika
Hakikisha inakuja na fremu ya plastiki ya kushikia mkanda wa 120. Bila hiyo negativu inajikunja na picha inatoka na ukungu. Soma adapta: mzigo uliotoka Marekani au Japani unaweza kuwa wa volti 100 hadi 120, na umeme wetu ni 230. Uliza kama inakubali kompyuta yako. Programu ya VueScan inafufua skana nyingi za zamani. Mwisho, muuzaji askani mbele yako kioo kikiwa kitupu. Ukiona mistari, achana nayo.

Usilipie zaidi kwa sababu ya kufuta vumbi kwa mashine. Teknolojia hiyo inasaidia picha za rangi. Kwa filamu za kawaida za nyeusi na nyeupe haifai, na hizo ndizo utakazoletewa sana. Nunua pampu ya mkono ya kupulizia vumbi.

4. Hesabu ya kurudisha hela
Tuseme skana imekufikia kwa shilingi 900,000, na faida yako ni 3,000 kwa fremu. Unahitaji fremu 300, sawa na mikanda 25 kamili. Kama huioni hiyo mikanda mtaani kwako, usinunue bado. Anza na kamera au simu nzuri juu ya plastiki nyeupe iliyomulikwa kwa chini, geuza rangi kwa programu, pima soko kwanza.

5. Negativu ni amana
Ikiharibika haina nakala. Hesabu fremu mbele ya mteja, muandikishane. Shika pembeni tu. Usifute kwa kitambaa chenye maji, hasa huku pwani ambako unyevu unaleta kuvu. Yenye harufu ya siki iweke mbali na nyingine, maana imeanza kuoza na inaweza kuambukiza.

Na hili lishike: usiposti picha ya mteja kama tangazo bila ruhusa. Bibi aliyekaa studio zamani bila ushungi alipigia picha familia yake. Ukimrusha kwenye ukurasa wako bila kuuliza, utapoteza nyumba ile na majirani zake wote. Omba kwanza. Akikubali, tangazo hilo litauza kuliko maneno yako yote.

Sevu posti hii, mtumie na mwenzako mwenye studio.