Tropiki Si Moja

Kundi la watu wa Dar es Salaam au Nairobi linapopanga ziara yake ya kwanza ya Thailand, Vietnam na Indonesia, mazungumzo huanzia kwenye tiketi, viza na fedha za kubadilisha. Afya huwekwa kiporo. Sababu yake inaeleweka: sisi ni watu wa joto, mbu tunawajua, malaria tumeugua tangu utotoni. Nchi nyingine ya tropiki itatufanya nini? Hoja hiyo ina kasoro kubwa. Kinga aliyojengewa mtu na mazingira ya kwao haimlindi na kila kitu kinachoishi penye joto na mvua, na maandalizi mengi ya mwili yanadai majuma, wala hayamaliziki kwa siku mbili za kufunga mizigo.

Tuanze na kadi ya njano. Nchi kadhaa za Asia huwadai wasafiri wengi wa Afrika Mashariki cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Wapo wanaoiona kama usumbufu wa mpakani tu, lakini sababu yake ni ya kisayansi. Mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza ugonjwa huo mijini, amejaa Asia, na bado homa ya manjano haijawahi kuota mizizi huko. Mwaka 2016, wakati Angola ikipambana na mlipuko mkubwa, wagonjwa 11 waliotoka huko waligunduliwa China. Msafiri mmoja mwenye virusi kwenye damu akiumwa na mbu wa huko, mamilioni ya watu wasio na kinga wamo hatarini. Kwa hiyo chanjo hii inakukinga wewe na inawakinga wenyeji wako. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Kwa kuwa ni chanjo yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, wazee waliopita miaka 60, wajawazito na wenye upungufu wa kinga wamwone daktari kwanza. Akiona haifai, ataandika barua ya msamaha wa chanjo, na kiongozi wa msafara aulize mapema ubalozini kama itakubaliwa.

Mbu huyohuyo ndiye anayenifanya niandike makala haya, kwa sababu ya homa ya dengi. Aedes huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Chandarua cha usiku, silaha tuliyolelewa nayo, hakimfikii. Virusi vya dengi viko vya aina nne. Ukiugua aina moja, unabaki na kinga ya kudumu dhidi ya hiyo tu. Ukikutana na aina nyingine baadaye, chembe za kinga za zamani zaweza kukugeuka: zinakishika kirusi bila kukiua, kisha zinakirahisishia kuingia ndani ya seli. Ndiyo maana maambukizi ya pili yana hatari zaidi ya kuwa makali kuliko ya kwanza. Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, kwa hiyo katika kundi lenu huenda wamo waliokwisha kuugua, wengine bila kujua. Watu hao wana sababu zaidi ya kuvaa mikono mirefu na kupaka dawa ya kufukuza mbu yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30. Mafuta ya kukinga jua hutangulia, dawa ya mbu hufuata. Homa ikipanda, tumieni parasetamoli. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziacheni mpaka dengi iondolewe shakani, kwa sababu zinaongeza hatari ya kutokwa na damu.

Malaria nayo ina sura nyingine huko. Mjini Bangkok na Kuala Lumpur hatari yake ni ndogo mno, lakini misitu ya mpakani mwa Kambodia na jimbo la Papua, Indonesia, ni habari tofauti. Ratiba ya ziara ndiyo inayoamua kama mnahitaji dawa za kinga, na daktari aione ratiba yenyewe, kituo kwa kituo. Kuna maeneo ya bonde la mto Mekong ambako dawa ya meflokwini imeshindwa na vimelea. Doksisaiklini, dawa nyingine ya kinga, huanzwa siku moja au mbili kabla ya kuingia eneo la hatari na kuendelea kwa wiki 4 baada ya kutoka. Na msitegemee kinga ya utotoni: ni ya sehemu tu, na humpungua mtu aliyekaa miaka mingi mahali pasipo na malaria.

Joto pia lina hesabu yake. Mtu wa baridi ya Njombe au Limuru akishuka Bangkok mwezi wa Aprili, jasho lake halikauki kwa sababu hewa imeshiba mvuke, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Mwili huchukua takriban wiki moja hadi mbili kuzoea: maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema na kutoka na chumvi kidogo. Siku za mwanzo kiongozi asipange matembezi ya saa sita mchana, na mwendo wa kundi uwe wa yule anayechoka haraka.

Kwenye basi moja tumbo la mmoja huwa la wote, kwa hiyo sabuni na pakiti za ORS, chumvi za kurudisha maji mwilini, zisikose. Dukani zikikosekana, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi hufanya kazi, maana sukari ndiyo inayoivuta chumvi ipite ukuta wa utumbo, na maji hufuata. Wanyama nao ni wa kuchunga: kisiwani Bali, Indonesia, kuna kichaa cha mbwa tangu 2008. Mbwa au kima akimng'ata mmoja wenu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtafute chanjo siku hiyohiyo.

Mnaopitia Dubai, dawa zenu zikae kwenye pakiti zake pamoja na barua ya daktari. Tramadoli, ambayo kwetu wengine huandikiwa kwa maumivu, inadhibitiwa vikali huko.

Nendeni kliniki wiki 6 kabla ya safari, nyote. Na mkirudi, jueni kwamba malaria ya Plasmodium vivax, iliyoenea Asia, hujificha kwenye ini na kuibuka miezi mingi baadaye, na baadhi ya vipimo vya haraka vya zahanati zetu hutambua aina ya Plasmodium falciparum tu. Ukipata homa ndani ya mwaka mmoja, mwambie daktari nchi ulizotembelea, na omba damu yako iangaliwe kwa hadubini.